Goti la Mama na Kidonge Nilichomnunulia Mwenyewe

SEHEMU YA 1

Wiki iliyopita niliwaahidi somo la dawa za maumivu ya viungo. Nimekaa nalo siku nne, naandika nafuta, naandika nafuta. Kila nikianza naona naandika kama daftari la chuo, na ukweli ni kwamba somo hili chuoni nilifundishwa tu, nikafanya mtihani, nikafaulu. Kulijua, nimelijua kwa mama yangu mzazi. Basi leo nawasimulia yote, hata yale yanayonitia aibu. Ni refu, nimeligawa sehemu sita. Chukua chai yako ukae.

Mama ana miaka 64. Maisha yake yote amelima kwenye milima ya Lushoto. Anayekujua huko ataelewa: shamba limelala kwenye mteremko. Ukisema unaenda shamba maana yake unapanda, ukisema unarudi maana yake unashuka, na kichwani una kabichi au viazi. Fanya hivyo miaka 40 uone.

Goti la kulia ndilo lilianza. Mwanzo lilikuwa linakaza asubuhi, akitembea kidogo linalegea. Baadaye likawa linavimba jioni. Halafu akashindwa kuchuchumaa. Siku moja kwenye simu akaniambia, taratibu, kama mtu anayeungama kosa: "Mwanangu, siku hizi naswali nimekaa kwenye kiti."

Kwa wengine hilo ni jambo dogo. Kwa mama yangu, kushindwa kusujudu lilikuwa kama kuambiwa umezeeka rasmi.

Kesho yake nikapita famasi, nikanunua boksi la diklofenaki ya miligramu 50, vidonge 100. Nikampa kondakta wa basi la Lushoto ampelekee. Nikampigia mama: "Kunywa kimoja mara tatu kwa siku, baada ya kula." Yeye akanijibu, "Mungu akubariki mwanangu, ndiyo faida ya kusomesha."

Sikumuuliza presha yake iko ngapi. Sikumuuliza anatumia dawa gani nyingine. Sikumwambia aishie wapi. Mimi, nesi mwenye miaka 11 kazini.

SEHEMU YA 2

Sasa kabla sijaendelea, nieleze hiki kidonge kinafanya nini mwilini, maana hapo ndipo penye kisa chote.

Diklofenaki, ibuprofeni ambayo wengi tunaiita Brufen, meloksikamu, indomethasini, piroksikamu, na hata aspirini, zote ni ukoo mmoja. Ni dawa za kutuliza uvimbe na maumivu. Panadol haimo kwenye ukoo huu. Panadol inatuliza maumivu na homa, lakini uvimbe wa goti haiushughulikii kivile.

Ndani ya goti lako, mwisho wa kila mfupa umefunikwa na gegedu, kitu laini kinachoteleza, ili mifupa isisagane. Kwa umri, uzito, kazi nzito au ajali ya zamani, gegedu linalika. Mtaani tunasema "mafuta ya goti yamekwisha". Si mafuta hasa, lakini tunaelewana. Vipande na msuguano vinauchokoza utando wa ndani wa goti, na mwili unaona kuna shida pale.

Wahenga wanasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mwili nao una mbiu yake. Sehemu iliyoumia inatengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini. Hizo ndizo zinazotanua mishipa midogo ya damu pale, maji yanavuja, goti linavimba na kuwa la moto. Hizo hizo ndizo zinazoinoa mishipa ya fahamu, ili hata kuguswa kidogo uruke. Kuna kimeng'enya kinachozitengeneza, kinaitwa COX. Kidonge cha diklofenaki kinaenda kukikalia hicho kimeng'enya. Prostaglandini zinapungua, uvimbe unashuka, maumivu yanatulia.

Maumivu yanaweza kupungua ndani ya saa moja au mbili. Uvimbe wenyewe unaweza kuchukua wiki mbili, hata tatu za dawa kutulia vizuri. Ndiyo maana mtu anakuambia siku ya kwanza ilisaidia kidogo, ya kumi ikasaidia sana.

Na kwa mama ilisaidia. Hili nataka mlisikie vizuri, kwa sababu wengi wetu wahudumu wa afya tunaziongelea hizi dawa kama sumu. Wiki ya tatu mama alinipigia mwenyewe, asubuhi, kabla sijaamka. Akasema, "Leo nimeswali alfajiri kwenye msala." Nililia. Siwezi kudanganya, nililia kwa furaha na nikajiona binti wa maana.

SEHEMU YA 3

Ila kuna jambo.

Yule mgambo anayepiga mbiu, kumbe ndiye pia mlinzi wa soko. Prostaglandini hazikai gotini peke yake. Ziko tumboni, ambako zinauamuru ukuta wa tumbo utoe ute mzito, na damu ipite vizuri, ili asidi yako mwenyewe isikuchome. Ziko kwenye figo, ambako zinasaidia kuweka mshipa wazi ili damu ifike hasa pale mwili unapokuwa na maji kidogo. Na hicho hicho kimeng'enya COX, ndani ya chembe sahani za damu, kinatengeneza kemikali nyingine inayosaidia damu kuganda ukijikata.

Ukimfungia mgambo ofisini, mbiu inanyamaza kweli. Na soko linabaki wazi.

Watu walitumia dawa hizi miaka mingi bila kujua hivyo. Aspirini ilitengenezwa Ujerumani, kwenye kiwanda cha Bayer, mwaka 1897, ikaingia sokoni 1899. Ilichukua mpaka 1971 kwa mwanasayansi wa Uingereza, John Vane, kuonyesha kwamba inafanya kazi kwa kuzuia prostaglandini. Mwaka 1982 yeye na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel.

Baadaye ikagundulika kuna COX zaidi ya moja. Kwa lugha nyepesi, COX-1 ndiyo inayolinda tumbo zaidi, COX-2 ndiyo inayochochea uvimbe zaidi. Wakasema, ahaa, basi tutengeneze dawa inayomkamata wa pili tu. Zikaja selekoksibu na etorikoksibu, na moja iliyoitwa Vioxx. Kweli tumboni zilikuwa na nafuu. Lakini Vioxx iliondolewa sokoni mwaka 2004 baada ya kuonekana inaongeza shambulio la moyo na kiharusi. Tangu hapo tukajifunza kwamba ukoo wote huu, ukiacha aspirini ya kiwango kidogo, una hatari yake kwa moyo, na diklofenaki yetu pendwa ni kati ya zinazoangaliwa kwa jicho kali zaidi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama madhara ya dawa hizi ni bahati mbaya, nakujibu hapana. Nafuu na madhara vinatoka mlango mmoja. Ndiyo maana haiwezekani kuitumia kama chumvi, kila siku kwa kila kitu.

SEHEMU YA 4

Tulimaliza boksi la kwanza, mama akanunua mwenyewe dukani kijijini. Pale haandikiwi, hapimwi, anasema tu "nipe zile za nesi". Jina langu ndilo likawa cheti.

Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa kwenye dawa za presha zahanati: enalapril, na kidonge cha kuongeza mkojo. Mnaofanya kazi wodini mmeshashtuka. Dawa za presha za aina hiyo, dawa ya kukojosha, na diklofenaki juu yake: hizo tatu zikikutana, figo inabanwa huku na huku. Tena diklofenaki yenyewe inauzuia mwili kutoa chumvi na maji, presha inapanda. Kadi yake ya kliniki inaonyesha: mwezi wa kumi 150 kwa 90, mwezi wa kumi na mbili 170 kwa 100. Wakamwongezea dawa ya presha. Hakuna aliyemuuliza kuhusu goti, na yeye hakusema, kwa sababu kwake diklofenaki haikuwa dawa ya hospitali, ilikuwa zawadi ya mwanawe.

Kipindi cha baridi goti likachachamaa. Jirani, mama mmoja mwema sana, akampa vyake vya njano, "hivi vinaleta usingizi wa raha". Ilikuwa meloksikamu. Akawa anameza vyote. Ndugu zangu, kuchanganya dawa mbili za ukoo huu hakukuongezei nafuu ya maana, kunakuongezea madhara.

Ramadhani ikaingia. Mama hawezi kula mchana, basi vidonge vyake vya siku akavimeza wakati wa daku, kwa mkupuo, ili vimfikishe magharibi. Mchana kutwa hanywi maji, yuko shambani.

Mwezi wa saba tangu boksi langu, saa sita usiku, mdogo wangu akanipigia. "Dada, mama ameanguka chooni." Nikamuuliza, choo kikoje? Akasita. Akasema, "Cheusi. Mama anasema ni mnavu." Nikamwambia amulike na simu aniambie kama kinang'aa na kunata kama lami. Akanyamaza kidogo, akasema ndiyo.

Damu ikitoka tumboni ikapita njia yote ya matumbo, inatoka nyeusi, inanuka vibaya, inanata. Mama alikuwa nayo wiki mbili. Kizunguzungu akasema ni funga. Mapigo ya moyo kwenda mbio akasema ni uzee. Na tumbo? Halikumuuma hata siku moja. Kidonge kilichotoboa ndicho kilichomnyamazisha asisikie.

Wakakodi gari usiku huo, wakashuka kona za Soni mpaka Mombo, nikakutana nao hospitali. Nimeona wagonjwa wengi waliopungukiwa damu. Sikuwahi kuona viganja vya mama yangu vikiwa vyeupe hivyo. Hemoglobini 5.8. Kreatini ya figo ilikuwa juu, zaidi ya mara mbili ya inavyotakiwa. Akalazwa, akaongezewa chupa tatu za damu, akaanza dawa ya kuzuia asidi kwenye mshipa. Kipimo cha kamera kilionyesha kidonda kwenye ukuta wa tumbo.

Daktari, kijana, mstaarabu kabisa, akauliza anatumia dawa gani. Mama akafungua pindo la kanga, akatoa vidonge, vyeupe na vya njano, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Daktari akaviangalia, akauliza, "Nani alimwanzishia hizi?"

Nikasema, "Ni mimi."

Mama akadakia haraka, "Zimenisaidia sana daktari, usimgombeze." Hapo ndipo niliishiwa nguvu.

SEHEMU YA 5

Mama alipona. Alikaa wodini siku tisa, figo zikarudi taratibu baada ya wiki kadhaa, si zote kama zamani lakini anaishi nazo vizuri. Sasa nataka niwape yale ambayo ningempa yeye siku ile, kama ningeuliza maswali badala ya kukimbilia famasi.

Moja. Usimwanzishie mzazi wako dawa hizi kwa simu. Mwenye umri zaidi ya miaka 60, mwenye historia ya vidonda vya tumbo, mwenye presha, moyo, figo au pumu, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayetumia prednisoloni, huyo aonane na daktari kwanza. Mjamzito vilevile, na hasa kuanzia wiki ya 20, kwa sababu figo za mtoto tumboni zinaguswa. Na homa usiyoijua chanzo, wakati dengue iko mjini, usiikimbilie na Brufen wala diklofenaki. Inaweza kukuvujisha damu.

Mbili. "Nichome sindano, haipiti tumboni." Hili nalisikia kila wiki. Ndugu yangu, dawa haikuharibu tumbo kwa kuligusa tu. Inaingia kwenye damu na kuzizuia prostaglandini zinazolinda tumbo. Uimeze, uchomwe, uiweke njia ya haja kubwa, itafika. Kula kwanza kunapunguza kichefuchefu, ila hakukulindi na kidonda.

Tatu. Kama daktari ameona unahitaji kuitumia kwa muda, muulize kuhusu omeprazoli au ya aina yake ya kulinda tumbo. Muulize pia kipimo cha figo na presha kitarudiwa lini. Si ujuaji, ni haki yako.

Nne. Kiwango kidogo kinachokupa nafuu, kwa siku chache iwezekanavyo. Diklofenaki kwa mtu mzima haizidi miligramu 150 kwa siku. Hiyo ndiyo dari, si kiwango cha kila mtu.

Tano. Jua ni ugonjwa gani wa viungo. Goti la kulika kama la mama ni kitu kimoja. Vidole vya mikono yote miwili vinavyovimba na kukaza asubuhi zaidi ya saa moja ni kingine, huo ni mwili kujishambulia wenyewe, na ukinyamazisha maumivu tu kwa diklofenaki viungo vinaendelea kuharibika kimya kimya. Huyo anahitaji dawa kama methotreksati, inayomezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, tena chini ya daktari. Jongo, lile la dole gumba la mguu kuwaka usiku, ni kingine tena. Hapo dawa hizi zinasaidia kuzima moto wa siku chache, halafu unatibiwa asidi ya yuriki yenyewe.

Sita. Kama unatumia aspirini ndogo ya moyo uliyoandikiwa, usiiache kwa sababu ya somo hili. Mwone daktari wako, na umwambie kama unameza Brufen, kwa sababu inaweza kuizuia aspirini isifanye kazi yake.

Dalili za kukimbia hospitali usiku huo huo: choo cheusi kama lami, kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, kizunguzungu cha kuanguka, maumivu makali ya tumbo ya ghafla, mkojo kupungua sana, uso au miguu kuvimba, kifua kubana. Usisubiri tumbo liume. La mama halikuuma.

SEHEMU YA 6

Mtaniuliza, sasa mama anatumia nini?

Dawa ya kupaka. Jeli ya diklofenaki, anapaka gotini anasugua taratibu. Inayoingia kwenye damu ni kidogo sana ukilinganisha na kidonge, na kwa goti na vidole ina msaada wa kweli. Daktari ndiye aliyeiruhusu, baada ya figo kutulia. Siku mbaya anaongeza Panadol, kwa kiwango.

Halafu mazoezi. Hapa alinibishia. "Goti linauma, unaniambia nilifanyishe kazi tena? Kazi lilizofanya hazitoshi?" Nikamwonyesha. Anakaa kwenye kiti, ananyoosha mguu mmoja mpaka unyooke, anahesabu mpaka kumi, anashusha. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Misuli ya paja ikiwa na nguvu inalibebea goti mzigo. Wiki mbili za kwanza alikuwa ananidanganya kwenye simu kwamba amefanya. Mdogo wangu akanichomea. Siku hizi anafanya, na amewafundisha mpaka majirani.

Na fimbo. Wengi wanaishika upande wa goti bovu. Goti bovu ni la kulia, basi fimbo ishike mkono wa kushoto. Jaribu uone tofauti.

Mzigo hashushi tena kichwani, anamlipa kijana wa bodaboda. Hilo nalo limechukua mwezi mzima wa ugomvi. Kilo alizokuwa amezidi zimepungua nne, na kila kilo ukiipunguza goti linaisikia zaidi ya mara moja.

Maumivu hayajaisha, siwaongopei. Yamepungua, anatembea mpaka sokoni Soni na kurudi. Anaswali kwenye kiti. Kuna siku goti likikubali anashuka kwenye msala, siku nyingine halikubali. Juzi nilipokwenda nilimkuta kwenye kiti, nikamsubiri amalize, nikamwamkia. Nikamwambia, "Mama, nilitaka usujudu tena, nikakaribia kukuua." Akacheka. Akasema, "Mungu ananiona hata nikiwa juu ya kiti. Wewe kaa, ule."

Sijajisamehe kabisa, lakini nimeanza kuuliza maswali. Kila mzee anayekuja wodini kwangu sasa namwomba afungue mkoba, mfuko, pindo la kanga, kila kitu kitoke mezani. Mtashangaa kinachotoka. Na mara nyingi ukimuuliza kimetoka wapi, anakujibu kwa fahari: "Kaninunulia mwanangu."

Basi leo usiku kabla hujalala, mpigie mzazi wako. Usimwambie aache dawa, utamtisha bure. Muulize tu anameza nini, vya rangi gani, tangu lini, na nani alimpa. Andika. Akiwa kwenye diklofenaki au Brufen kila siku, mpeleke wiki hii apimwe presha, damu na figo.

Na kama aliyempa ni wewe, usione aibu kusema. Mimi nimeshaanza.

Usiku mwema.